Alaimenti Baada ya Kushusha Gari: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari

Gari likishushwa, yaani likifungwa springi fupi ili likae karibu zaidi na ardhi, hata kwa sentimita tatu tu, magurudumu yake hayaendelei kutazama kule yalikokuwa yakitazama. Mafundi wengi wanalijua jambo hili kwa maneno, lakini ukishinda gereji siku nzima utaona springi fupi zikifungwa asubuhi, bolti zikikazwa gari likiwa bado linaning'inia juu ya jeki, na jioni mwenye gari akikabidhiwa ufunguo na kuambiwa kwamba alaimenti, yaani kuyapanga upya magurudumu yatazame inavyotakiwa, ataifanya siku akipata nafasi. Baada ya miezi michache anarudi na matairi ambayo kwa upande wa nje yanaonekana bado mapya, na kwa upande wa ndani, ule asiouona mpaka ainame na tochi, yameisha hadi waya zinachungulia.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari ambaye ameshashusha gari lake, au yuko mbioni kulishusha, na anataka kuisimamia kazi ya alaimenti kwa kuielewa, hata kama hatashika spana yeye mwenyewe. Mfano nitakaoutumia ni Subaru Impreza ya umbo la GD, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu zaidi na kwa sababu ni miongoni mwa magari yanayoshushwa sana huku kwetu. Mwenye Altezza, Mark II au Vitz atakuta kanuni ni zilezile; kinachotofautiana ni mahali pa kurekebishia, na kwa Vitz kuna kikwazo chake cha nyuma nitakachokieleza mbele.

Kinachobadilika gari linaposhuka

Fundi wa alaimenti hupima pembe tatu. Kemba ni mlalo wa gurudumu unapolitazama gari kwa mbele: gurudumu likiegemea ndani kwa juu, kemba ni hasi, na likiegemea nje, ni chanya. Tou ni mwelekeo wa gurudumu unapolitazama gari kutoka juu, kama unavyotazama nyayo za mtu aliyesimama: vidole vikielekeana ni tou ya ndani, vikitengana ni tou ya nje. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia unapokata kona, ukitazamwa kwa ubavuni, na ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Kasta haiguswi sana na kushushwa kwa gari, na katika Impreza hii haina bolti ya kuirekebisha, kwa hiyo tuiweke kando mpaka tutakapofika kwenye karatasi ya vipimo.

Katika Impreza shokapu ndiyo nguzo inayolishika gurudumu kwa juu, na kwa chini kuna mkono mmoja unaotoka kwenye bodi hadi kwenye boljointi, yaani kiungo cha duara kinachouunganisha mkono huo na gurudumu. Ukiweka springi fupi, bodi inashuka lakini gurudumu linabaki chini palepale, kwa hiyo ncha ya nje ya mkono ule inapanda ukilinganisha na ncha ya ndani. Ncha hiyo haipandi kwa mstari ulionyooka, bali kwa upinde, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, na katika sehemu ya kwanza ya upinde huo huisukuma boljointi kuelekea nje. Chini ya gurudumu pakisukumwa nje huku juu pameshikwa, gurudumu hulala, na hiyo ndiyo kemba hasi unayoiona gari likiwa limetanua miguu. Wakati huohuo tairodi, yaani fimbo inayotoka kwenye raki ya usukani kwenda kwenye gurudumu, nayo inapanda kwa upinde wake wenyewe, wenye urefu na kitovu tofauti. Pinde hizo mbili zikitofautiana hata kwa milimita mbili, gurudumu huvutwa au kusukumwa na kubadili linakotazama. Hapo tou imeharibika, na hakuna aliyegusa nati hata moja.

Watu huilaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Anayekula tairi hasa ni tou, na hesabu yake ni rahisi. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 650, ambacho hakiko mbali na kipenyo cha tairi la gari dogo la kawaida, kisha uchukulie kwamba limekaa upande kwa milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma. Kila gari linapokwenda kilomita moja mbele, tairi hilo linaburuzwa kando karibu mita 4.6. Ukisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya kilomita 450 hivi, tairi hilo litakuwa limesuguliwa kando kwenye lami kwa zaidi ya kilomita mbili. Kemba hasi ya digrii moja na nusu haifanyi hivyo. Yenyewe huuongezea ukingo wa ndani mzigo kidogo, na gari lenye kemba hiyo na tou iliyonyooka linaweza kumaliza tairi karibu sawasawa. Zikikutana kemba kubwa na tou ya nje, ukingo wa ndani huwa unabeba mzigo na kusuguliwa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo waya zinapotoka.

Kabla ya kwenda kwenye mashine

Kazi kubwa ya alaimenti ya gari lililoshushwa hufanyika kabla gari halijapanda kwenye mashine, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mashine hupima gari kama lilivyo. Ikiwa boljointi imelegea, itapima uongo wa boljointi iliyolegea, na fundi atarekebisha kwa kuufuata uongo huo.

Anza kwa kupima urefu. Egesha gari kwenye sakafu tambarare, usukani ukiwa umenyooka, kisha kwa kila gurudumu pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi kwenye ukingo wa matagadi, na uandike namba zote nne. Ni vizuri kuwa na namba za kabla ya kushusha pia, kwa sababu ndizo zinazokuambia gari limeshuka kiasi gani kweli, tofauti na kilichoandikwa kwenye boksi la springi. Kushoto na kulia kwenye ekseli moja kusipishane zaidi ya milimita 10 hivi. Kukipishana zaidi, kuna springi ambayo haijakaa kwenye kikombe chake, au springi zilizokatwa kwa grainda bila kulingana. Kwa hilo la kukata niseme waziwazi kwamba silipendi: springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, inaweza kuchomoka kwenye kikombe shokapu inaponyooka yote, na iliyokatwa kwa gesi huwa imepoteza ugumu wa chuma mahali ilipopata moto, kwa hiyo huendelea kushuka kidogo kidogo na kuibatilisha alaimenti uliyoilipia. Kama tayari ndizo ulizonazo, zibadilishe kwanza.

Hatua inayofuata ni bushi, na hapa naomba msomaji atulie. Bushi nyingi za mikono ya gari ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma lililo katikati yake. Bolti ikikazwa, bomba hilo hubanwa lisizunguke, na mkono unapopanda na kushuka kinachofanya kazi ni mpira wenyewe kujisokota na kujirudisha. Sasa, fundi akizikaza bolti hizo magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unachukulia kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Gari likishushwa chini, kila bushi inakuwa imesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Inalisukuma gari juu kidogo, inachanika mapema, na inapolegea polepole katika wiki za mwanzo pembe zote zinahama. Kwa Impreza bolti zinazohusika ni za ncha za ndani za mikono ya mbele, bushi ya nyuma ya mikono hiyohiyo, na bolti za fimbo za pembeni na za urefu katika ekseli ya nyuma.

Namna ya kurekebisha ni hii. Legeza bolti hizo bila kuzitoa, gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake, ama kwenye shimo la gereji au juu ya mbao nene zilizopangwa chini ya kila tairi. Sukuma bodi chini mara kadhaa kwa kila kona ili bushi zijipange. Kisha zikaze kwa spana yenye kipimo cha mkazo kwa kufuata kitabu cha gari. Usipopata shimo wala mbao, pandisha jeki chini ya boljointi mpaka umbali kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matagadi ulingane na namba uliyoiandika, kisha ukaze hapo. Bodi nayo iwe imelala juu ya stendi imara, kwa sababu jeki peke yake si kitu cha kumwamini mtu akiwa chini ya gari.

Baada ya hapo kagua vinavyocheza. Inua gurudumu, lishike kwa juu na chini ulitikise. Likicheza, tazama boljointi na beringi. Lishike kushoto na kulia ulitikise tena. Likicheza, mwombe mtu aweke mkono kwenye tairodi na aseme kama mchezo uko kwenye ncha ya nje au ndani ya raki. Upepo wa matairi uwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, na rimu isiwe imepinda kwa kugonga shimo. Tangi la mafuta liwe nusu au zaidi, na toa buti mizigo ambayo si ya kila siku. Kama siku zote unaendesha peke yako, mfuko wa mchanga wenye uzito wako juu ya kiti cha dereva wakati wa kupima si utani. Fundi anaweza kucheka, lakini gari lililoshushwa na lenye springi laini hubadilika kwa milimita kadhaa upande wa dereva anapokaa.

Springi mpya hushuka kidogo baada ya kufungwa. Kwa sababu hiyo wengi hushauri kusubiri kilomita 300 hadi 500 kabla ya alaimenti, na ushauri huo ni sahihi nusu. Tatizo ni kwamba kilomita 500 kwa tou iliyoharibika sana zinatosha kuliumiza tairi jipya. Kwa hiyo panga alaimenti mbili: ya muda nyumbani siku ileile, na ya mashine baada ya springi kutulia.

Alaimenti ya muda, kwa chaki na futi kamba

Sukuma gari mbele mita mbili tatu kwenye sakafu tambarare ili magurudumu yajipange, kisha uache usukani umenyooka. Kwa nyuma ya matairi mawili ya mbele, kwenye kimo cha katikati ya rimu, weka nukta ya chaki katikati ya uso wa kila tairi. Pima umbali kati ya nukta hizo mbili, ukiwa na msaidizi upande wa pili wa futi kamba, na uandike. Kisha lisukume gari mbele, wala usilirudishe nyuma, mpaka nukta zilezile zifike mbele ya matairi kwenye kimo kilekile, na upime tena. Kwa kuwa unapima nukta zilezile, kupinda kwa rimu na kasoro za tairi havikudanganyi. Umbali wa nyuma ukizidi wa mbele, una tou ya ndani; wa mbele ukizidi wa nyuma, una tou ya nje. Chini ya bodi ya mbele futi kamba inaweza kugonga injini au sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Tumia basi ubao ulionyooka wenye misumari miwili ya kusimama kama mkono wa kupimia.

Ukikuta tofauti ya zaidi ya milimita 3, legeza nati ya kufungia kwenye tairodi ya kila upande na uzizungushe zote mbili kwa kiasi sawa. Katika magari mengi madogo robo mzunguko wa fimbo hubadilisha mwelekeo wa gurudumu hilo kwa milimita moja hadi mbili zikipimwa kwenye tairi, kwa hiyo nenda polepole. Hesabu nyuzi za fimbo zinazoonekana nje ya nati kila upande: zikitofautiana sana, aliyekutangulia alirekebisha upande mmoja tu. Tairi likiwa limekaa kwenye saruji kavu halitaki kugeuka hata ukiizungusha fimbo, na ndiyo maana naweka chini ya kila tairi la mbele vigae viwili vya sakafu vilivyopakwa grisi katikati yao. Kigae cha juu huteleza, na gurudumu huenda pale fimbo inapolipeleka. Ukimaliza, kaza nati za kufungia, na pima tena.

Kemba unaweza kuikadiria kwa uzi wenye kokoto. Uning'inize mbele ya rimu, pima umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini, na utafute tofauti. Kwa rimu ya inchi 16, ambayo kutoka ukingo hadi ukingo ina milimita 430 hivi, tofauti ya milimita 7.5 ni sawa na digrii moja. Milimita 15 ni digrii mbili, na hapo ujue mashine itakuwa na kazi.

Siku ya mashine

Kabla ya kwenda, piga simu na uulize mambo matatu. Je, wanapima magurudumu yote manne? Je, wanarekebisha nyuma, au wanapima tu? Je, gari lenye bampa la chini linaweza kupanda? Nenda na vipande viwili vya ubao buti, kwa sababu bampa likigusa njia ya kupandia hakuna atakayekulipa. Kituo kinachojibu kwamba "nyuma haina haja" kiache, kwa kuwa ekseli ya nyuma ndiyo inayoelekeza gari. Magurudumu ya nyuma yakitazama kulia kidogo, gari zima litakwenda limejipinda, na dereva atalazimika kuushika usukani upande ili aende moja kwa moja.

Nalisema hili kwa machungu. Nilipoishusha Impreza yangu mara ya kwanza, kituo kimoja kilirekebisha mbele tu, na tulipotoka kwenda kujaribu usukani ulikuwa umelala kushoto. Niliporudi kulalamika, fundi hakuirudisha kwenye mashine. Aliufungua usukani pamoja na eabegi yake, akauchomoa, akauruka jino moja na kuurudisha ukiwa umenyooka. Nililipa, nikashukuru. Wiki hiyohiyo nikaona kwamba indiketa ya upande mmoja inazima kona haijaisha na ya upande wa pili inachelewa, maana kidude kinachoizima kilikuwa kimehama pamoja na usukani. Nyuma hapakuguswa, na matairi mawili ya nyuma yaliishia ndani kabla ya mwaka.

Mashine za kamera hufungwa vichwa vyenye alama kwenye rimu zote nne, kisha gari husukumwa nyuma na mbele kidogo. Kusukumwa huko ndiko kunakoondoa kosa la rimu iliyopinda, kwa hiyo usikubali hatua hiyo irukwe. Magurudumu ya mbele yawe juu ya sahani zinazozunguka, pini zake zikiwa zimetolewa. Fundi atakanyagisha breki kwa kifaa, atageuza usukani kulia na kushoto ili kupima kasta, kisha ataufunga usukani ukiwa umenyooka. Hapo mwombe achapishe karatasi ya kwanza, ya kabla ya kugusa chochote. Bila karatasi hiyo hutajua kushusha gari kulibadilisha nini.

Utaratibu wa kurekebisha ni kutoka nyuma kwenda mbele, na kemba kabla ya tou, kwa sababu ukigusa kemba, tou inahama. Nyuma ya Impreza ya GD kiwandani pana bolti yenye kitako cha yai kwenye fimbo ya pembeni, na hiyo hurekebisha tou peke yake. Kemba ya nyuma haina bolti yake. Mbele, bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoifunga shokapu kwenye kishikio cha gurudumu ndiyo yenye umbo la yai, na ukiizungusha kemba hupungua au kuongezeka. Tou ya mbele ndiyo ya mwisho kabisa, nayo hurekebishwa pande zote mbili usukani ukiwa umefungwa. Fundi akianza na tou ya mbele ili amalize haraka, mkumbushe kwa adabu. Akisema ni yaleyale, simamisha kazi.

Kuhusu namba. Mashine huonyesha kijani kipimo kikiwa ndani ya kiwango cha kiwanda na chekundu kikiwa nje, na fundi wa kawaida hufukuzana na kijani. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya gari la kimo cha kiwandani, kwa hiyo kemba ya gari lililoshushwa inaweza kubaki nyekundu bila dhambi yoyote. Kwa gari la kwenda kazini na safari za mkoani napendelea kemba ya mbele kati ya digrii hasi 1 na hasi 1.5, ya nyuma isizidi hasi 2, na kushoto na kulia visipishane zaidi ya nusu digrii. Kwa tou sitaki masihara: ya mbele kwa jumla kati ya sifuri na digrii 0.1 ya ndani, na ya nyuma kwa jumla kati ya 0.1 na 0.2 ya ndani, ikiwa imegawanywa sawasawa kulia na kushoto. Kasta hatuirekebishi, lakini ikipishana zaidi ya nusu digrii kati ya pande mbili, uliza kama kuna mkono uliopinda au bodi iliyowahi kugongwa. Mwelekeo wa jumla wa ekseli ya nyuma, ambao mashine huuonyesha kama mshale katikati ya picha, uwe karibu kabisa na sifuri.

Marekebisho yakigoma

Katika gari lililoshuka sentimita mbili hadi tatu, bolti za kiwandani kwa kawaida hutosha. Ukishuka zaidi, bolti ya yai inaweza kufika mwisho wake na kemba ikabaki ileile. Kwa nguzo za shokapu zipo bolti maalumu za kemba, nyembamba kidogo katikati na zenye kitako cha yai, zinazoongeza nafasi ya digrii moja na zaidi. Zinafaa, ila zinategemea mkazo tu ili zisihame, kwa hiyo zikazwe kwa kipimo na zikaguliwe tena baada ya wiki, hasa kama njia yako ina mashimo. Njia imara zaidi ni fimbo za nyuma zinazoongezeka na kupungua urefu, ambazo katika Impreza hukuwezesha kuigusa hata kemba ya nyuma.

Vitz na magari mengine yenye boriti moja ya nyuma hayana kitu cha kuzungusha nyuma. Yakiwa na kasoro, dawa ni vibati vyembamba vyenye mlalo vinavyowekwa kati ya boriti na kitovu cha gurudumu, na si kila kituo kinavyo. Habari njema ni kwamba katika magari hayo kushusha nyuma hubadilisha pembe kidogo sana, maana magurudumu mawili yameshikwa na chuma kimoja.

Liko jambo ambalo mashine haitalitibu hata ukiipa siku nzima. Tairodi ikiwa imeinamia juu sana baada ya gari kushuka, tou hubadilika kila gurudumu linapopanda kwenye tuta au kuzama kwenye shimo, hata kama gari likisimama kila kitu ni kijani. Utalihisi kwenye usukani: gari linapogonga bonde la barabara kwa gurudumu moja, usukani unachezacheza mkononi bila kuambiwa. Vipo vifaa vya kuishusha ncha ya tairodi, lakini kwa gari la barabarani jibu la bei nafuu ni kulipandisha kidogo.

Barabarani na baadaye

Jaribu gari kabla hujaondoka na kabla hujalipa yote. Tafuta kipande kilichonyooka na kitulivu, uendeshe kwa kilomita 60 kwa saa na uushike usukani kwa wepesi. Kumbuka kwamba barabara zetu zimejengwa na mteremko wa kumwaga maji kando, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari lililo sawa kabisa litaelea kushoto polepole ukiuachia usukani. Ili kulitofautisha na kosa, jaribu mahali ambapo barabara ni tambarare. Gari likivuta bado, badilisha matairi ya mbele kushoto na kulia, kama uso wa tairi unaruhusu. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi na si la alaimenti. Kwa gari lenye mfumo wa kudhibiti kuteleza, kihisi cha pembe ya usukani kinapaswa kuwekwa upya kwenye sifuri kwa mashine ya kusomea hitilafu, la sivyo taa ya mfumo huo inaweza kuwaka kwenye dashibodi. Taa kubwa nazo zipangwe upya, hasa kama mbele na nyuma havikushuka sawa.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, inama kwenye kila tairi na upitishe kiganja juu ya uso wake kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Uso laini kwa pande zote mbili ni sawa. Ukiwa laini upande mmoja na wenye meno ya msumeno upande wa pili, tou imehama, hata kama jicho halioni chochote. Meno yakichoma kiganja kinapotoka nje kwenda ndani, ni alama ya tou ya nje. Yakichoma kinaporudi, ni ya ndani. Rudi na karatasi yako ya pili, ile ya vipimo vya baada ya marekebisho, kwenye kituo kilekile, waeleze ni gurudumu lipi, na uwaombe waanze kwa kukagua mkazo wa bolti za kemba kabla ya kugusa tairodi.